Landrova Ambayo Malkia Hakuipanda

Je, wewe umewahi kusimama wima nyuma ya gari lililo wazi, umeshika bomba kwa mkono mmoja, na gari lenyewe linakwenda polepole kuliko mwanamke mjamzito anayetoka dukani? Usidhani ni kazi rahisi. Gari likikimbia, mwili unajilegeza wenyewe na kulifuata. Likitambaa, kila kijiwe kinapanda mpaka kisogoni, magoti yanatetemeka, na wewe huku juu unatakiwa kutabasamu. Dada yangu Nola aliijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote hapa Penhalla, mji wetu mdogo uliokuwa wa mgodi. Alikuwa akisimama mahali pa Malkia wakati wa mazoezi, na kwa miaka mingi hakuna mtu mwingine aliyekanyaga pale, kwa sababu Malkia mwenyewe hakuja.

Nianze na gari, maana watu wa siku hizi wanaliita gari la kifalme bila kujua lilivyoanza. Lilikuwa Landrova ya shamba la mzee Hocking, limebeba kondoo na waya wa ua mpaka limepinda kiuno. Mwaka wa hamsini na nne ilipotangazwa kwamba treni ya Malkia itasimama kwetu kwa muda wa kuzunguka kiwanja cha mpira mara moja tu, mji ulipata wazimu. Miji mikubwa ilikuwa na magari yake yaliyoandaliwa. Sisi tuliambiwa tutafute letu, lakini liwe la namna ileile: wazi nyuma, refu kidogo, watoto wamwone mgeni bila kukanyagana. Gari la kifahari lisingefaa. Ndani ya gari la kifahari unaona kofia na glavu basi, na kiwanja chetu kilikuwa mchanga mtupu, lingezama mpaka milangoni. Landrova ina gia ndogo. Ukiiweka katika gia hiyo, itakwenda mwendo wa maiti inayosindikizwa na isizimike wala kushtuka. Ndiyo maana magari haya ya porini, yaliyozoea tope na kinyesi cha ng'ombe, yakavalishwa zulia na kubebeshwa wafalme.

Aliyelivalisha letu ni shemeji yangu Clem Pascoe, mume wa Nola, fundi wa gereji ya barabara ya stesheni. Alikata mwili wa nyuma kwa msumeno, akainua sakafu ya mbao, akatandika zulia jekundu alilopewa na kanisa la Methodisti kwa masharti lirudi bila doa. Bomba la kushikia alilikunja kutoka shaba ya mgodi wetu wa zamani, akalisugua kwa siki na chumvi mpaka likawa kama limetoka kuyeyushwa. Nola alishona mito ya viti. Rangi ilikuwa ya zabibu nyeusi, mipako mingi, kila mpako umekaushwa chini ya shuka zenye maji ili vumbi lisitue.

Na kioo cha dereva, kile kidogo cha kutazamia nyuma, Clem alikifungua akakitupa kwenye boksi la misumari. Alikuwa amesikia kwamba dereva wa wakubwa hamtazami abiria wake. Hakuna aliyemwamuru. Alifanya kwa kuipenda kazi yake.

"Sasa utajuaje kama Malkia ameanguka?" Nola alimuuliza, sindano mdomoni.

"Malkia haanguki."

"Na mimi je?"

"Wewe gonga."

Basi wakapatana. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na bati. Nola angeligonga kwa kifundo cha kidole, pale penye pete yake ya ndoa ili mlio utoke vizuri. Pigo moja, ondoka. Mapigo mawili, punguza mwendo. Matatu, simama. Clem alikuwa akitazama mbele tu, shingo imenyooka kama ya farasi aliyefungwa vifuniko vya macho, na masikio yake yote yakiwa kwenye lile bati.

Mazoezi yalikuwa raha ya mji. Watoto wa shule walipangwa kuzunguka kiwanja na vibendera, bendi ya wachimbaji wa zamani ikipiga, na Nola akipita katika koti lake la buluu na glavu nyeupe, akipunga mkono polepole kama anayefuta kioo.

"Mama Malkia!" Merv Uren, kiongozi wa bendi, alikuwa akimpigia kelele. "Ikulu leo wamepika nini?"

"Pasti za nyama na viazi, kama jana! Na wewe nyoosha tarumbeta lako, Merv, linapiga chafya!"

"Linapiga chafya kwa vumbi la mumeo!"

"Mume wangu hatoi vumbi. Ndege wanatua juu ya boneti wanalala."

Watoto walizoea kumshangilia mpaka wengine wadogo, nina hakika, waliamini ndiye. Mtoto mmoja alimletea ua dukani, akainama mbele yake, na Nola amebeba kilo mbili za vitunguu.

Siku ya zoezi la mwisho aliamka anaumwa kichwa, shingo imekaza. Nilimfunga koti mimi mwenyewe kwa sababu vidole vyake vilikuwa vizito kwenye vifungo. Joto lilikuwa kali, kasuku wa rangi ya waridi wamejibanza kivulini na midomo wazi.

"Kaa nyumbani leo," nilimwambia.

"Na watoto watampungia nani? Ni jua tu, Enid. Nivute kola."

Walipofika nusu ya kiwanja, Clem alisikia mapigo mawili. Akapunguza. Mbele kidogo, mawili tena. Akapunguza zaidi. Alijisifu moyoni, alikuja kuniambia baadaye, kwamba hajawahi kuendesha laini namna ile. Mawili tena, hafifu. Akaishusha injini mpaka ikawa inapumua tu. Sisi tuliokuwa upande wa jukwaa tuliona gari linakwenda kama saa iliyoishiwa nguvu, na dada yangu amesimama, mkono wa kupungia umeshuka kwenye bati, mwingine umeng'ang'ania bomba. Hakupiga kelele. Pengine hakuwa na pumzi ya kutosha. Clem alimaliza duara lote kwa mwendo ule, macho mbele, na aliposimama penye zulia la kushukia, Nola hakushuka. Ilibidi wanawake wawili wamfungue vidole kimoja kimoja kutoka kwenye shaba.

Ilikuwa polio. Mkono ulikuwa ukimfa palepale juu ya gari. Alikuwa akitaka mapigo matatu, na la tatu lilikuwa halitoki.

Walimpeleka hospitali kubwa ya Adelaide, wakamlaza ndani ya ile mashine ya chuma ya kupumulia, kichwa tu nje. Juu ya uso wake palifungwa kioo, ili mgonjwa anayetazama dari aweze kuwaona walio nyuma yake. Clem alikaa pale nyuma. Nilimkuta hivyo: yeye anamtazama Nola kwenye kioo, Nola anamtazama yeye, na mashine inavuta na kutoa, inavuta na kutoa. Maneno yake yalitoka vipande vipande, kila mashine ilipotoa pumzi. Aliuliza kama watoto wamepata vibendera vyao. Aliuliza kama zulia la kanisa limepata doa. Kuhusu kugonga hakusema, na Clem hakuuliza. Alifariki kabla mavuno hayajaisha.

Na treni haikusimama. Mji wenye polio ulifutwa kwenye ratiba. Tulisimama mbali na reli kama tulivyoagizwa, wachache, mikono mifukoni, na mabehewa yakapita na mapazia yake. Watoto walipunga. Sijui walimpungia nani.

Huzuni ya mji ikitafuta mahali pa kukaa, haikawii kupata. Nilisikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya mkate: "Ni yule dada yake Enid ndiye aliyetunyima Malkia." Mwenye kusema alipogeuka akaniona, akauliza bei ya unga. Mimi nilinunua mkate wangu, lakini neno lile lilibaki kwangu, na kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja kichwani: Clem aendeshe gari lile, mji umwone, alizungushe vizuri mpaka mwisho. Niliona kwamba siku gari litakapozunguka bila kasoro, jina la Nola litapumzika.

Clem aliliendesha. Kila mwaka siku ya maonyesho ya kilimo alilitoa bandani, analiongoza gwaride, nyuma patupu, kamba imefungwa pasipande mtu. Kioo hakukirudisha. Miaka ya kwanza hakuna aliyegundua kitu. Halafu watu wakaanza kusema gari la Malkia linazeeka. Lilikuwa likianza vizuri, kisha penye kona ya mbali, upande wa kilima cha kifusi cha mgodi, linapunguza. Mwaka uliofuata linapunguza zaidi. Bendi iliyokuwa nyuma yake ilibaki ikipiga miguu palepale.

"Clem!" Merv alilalamika. "Nyimbo zangu zote zimekwisha! Imebaki ya mazishi!"

"Konokono wanaomba njia!" mwingine alidakia.

Watu walicheka. Clem alitazama mbele, jasho likimchuruzika nyuma ya masikio.

Mwaka mmoja nilipanda naye, mbele, nione kuna nini. Nilidhani ni gia. Jua lilikuwa utosini, watu pande zote wanakula aiskrimu, hakuna kitu cha kutisha popote. Tulipofika kona ile nilisikia ko, ko. Kifundo cha kidole kwenye bati, na ndani yake mlio mdogo mkavu wa chuma, kama pete. Clem akapunguza mwendo. Niligeuka. Kamba ilikuwa imefungwa, zulia ambalo kanisa halikulidai tena limetulia, na bomba la shaba linang'aa mahali pamoja tu, upana wa kiganja. Kwingine lilikuwa limefifia kwa vumbi.

"Umesikia?" niliuliza.

"Usigeuke, shemeji," alisema, midomo haisogei. "Ukigeuka anagonga zaidi."

Ko, ko.

Nikatazama mbele, mikono mapajani, mpaka tukamaliza. Alipofunga banda ndipo akaniambia yale ya siku ya zoezi la mwisho, kwa maneno machache, akinipa mgongo, anatundika funguo. Ndipo nilipojua kwamba kila mara alikuwa akitii. Alikuwa akipunguza kwa sababu ameambiwa apunguze, na la tatu halikuja kamwe.

Miaka ikaenda. Nywele zangu zilikuwa zimeshaanza mvi ilipokuja habari kwamba mgeni wa ukoo wa kifalme, binamu fulani wa mbali mwenye kofia nyingi, atapita Penhalla kufungua bwawa, na akiambiwa kuna gari lililoandaliwa zamani, atafurahi kulipanda. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Lance Hocking, mtoto wa yule mzee mwenye Landrova. Lance hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutazama saa.

"Duara moja, dakika chache, mgeni anashuka, tunakunywa chai," alituambia mezani kwangu, anamenya yai. "Lakini bwana Clem, siwezi kumweka mtu wa kifalme nyuma halafu gari likafa katikati ya kiwanja. Nitawaambia nini?"

"Halifi," nilisema mimi. "Linapunguza."

"Mama Enid, mwaka jana watoto walikaa chini wakaanza kucheza gololi kabla halijawafikia."

"Atafanya zoezi. Likienda vizuri anaendesha yeye. Mpe haki yake, Lance. Hakuna mwingine mwenye haki na usukani ule."

Lance alimtazama Clem. Clem alikuwa akichora duara juu ya kitambaa cha meza kwa mpini wa kijiko.

"Zoezi moja," Lance alisema. "Likishindikana, tunakodi gari jipya mjini, na hili linaenda makumbusho Adelaide. Wameliomba. Huko litakaa juu ya matofali, hakuna wa kuliwasha tena. Sawa, Clem?"

"Sawa," Clem alisema, na mimi nikajibu juu ya sauti yake: "Litakwenda."

Wiki nzima nilimsimamia kama mtoto wa mtihani. Nilimpikia, nilimpigia pasi shati. Nilimwambia, ukisikia chochote, wewe endelea. Usitii. Alitikisa kichwa kukubali, lakini macho yake yalikuwa mbali.

Siku ya zoezi, Lance alimleta binti yake Cheryl asimame nyuma. Msichana mrefu, mwalimu wa michezo, anatafuna ubani. Clem alishindwa kuifungua kamba, nikamsaidia fundo.

"Nishike hapa?" Cheryl aliuliza.

"Popote pengine," Clem alimwambia. "Siyo hapo panapong'aa."

Waliondoka. Walikwenda vizuri, hata Lance akaanza kutabasamu. Walipofika kona ya kifusi, gari likapunguza, likapunguza tena, kisha likawa halina tofauti na lililosimama. Cheryl aliruka chini huku linatembea, akaja kwetu mbio, ubani ameumeza.

"Baba, kuna mtu anagonga chini ya mkono wangu."

"Ni wewe umegonga."

"Mikono yangu ilikuwa juu! Napunga! Mimi sirudi pale, mtafute mwingine."

Lance alivua kofia akajipepea. Clem alikuwa bado kule kona, ndani ya gari, hakugeuka kuona kama amebaki na abiria au la.

"Basi, mama Enid. Imetosha."

"Haijatosha," nilisema. "Nitasimama mimi."

Nilivuka kiwanja, nikapanda. Sikuwa nimekanyaga zulia lile tangu tulipomshusha Nola. Nilishika shaba. Ilikuwa ya baridi, kwenye joto lile.

"Nani huyo?" Clem aliuliza, anatazama mbele.

"Mimi. Enid. Ondoka, shemeji, usisikilize kitu."

Likaondoka. Nilisimama vile alivyokuwa akisimama, magoti yamelegea kidogo, na kwa mara ya kwanza nikaona alichokuwa akikiona yeye: kisogo cha Clem, mstari wa nywele umenyolewa sawasawa, na masikio mawili yanayosubiri. Hakuna kingine. Hata ungefumba na kufumbua macho mara ngapi, kisogo kile kisingegeuka.

Ko, ko.

Haikutoka popote. Niliisikia kwenye nyayo na kwenye meno. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu ya bomba, naiona. Clem akapunguza.

"Usipunguze!"

Ko, ko. Sasa hafifu. Na ubavuni kwangu, sitaki kuongeza chumvi, palikuwa na mtu anayechoka. Hivyo tu ndivyo ninavyoweza kusema. Kama vile ukikaa na mgonjwa kitandani, hata ukifumba macho unajua anajikaza. Gari lilikuwa likitambaa, kisogo kikisubiri, na mimi niliyekuja kumwambia aendelee nikaona siwezi kuruhusu jambo lile liendelee hata hatua moja zaidi.

"Clem," nikasema kwa sauti ya kawaida. "Simama."

Akasimama. Akazima injini. Tulisikia bati likipoa.

Lance alikuwa akija kwa miguu, kofia mkononi. Hakuwa na hasira. "Nisikilize, Clem. Umefanya ulivyoweza. Nitawapigia simu watu wa makumbusho."

"Huwezi kumnyang'anya!" nilipaza sauti kutoka juu, kama malkia kweli. "Lance Hocking, huyu amelitunza gari hili tangu wewe unavaa kaptula! Kila anachotaka duniani ni kuliendesha mpaka mwisho, mara moja, mbele ya watu! Hujui anavyotaka!"

"Nani kasema?"

Alikuwa Clem. Alikuwa amegeuka. Sijawahi kumwona amegeuka katika kiti kile. Alijipinda mwili mzima, mkono juu ya mgongo wa kiti, akanitazama mimi na akatazama mahali pembeni yangu, kwa muda mrefu, na macho yake yamejaa.

"Nani kasema ninataka, shemeji? Uliniuliza lini?"

Ni kweli sikuwahi kumuuliza.

"Nimeendesha kwa sababu nilidhani wewe unataka. Na mji unataka. Na yeye." Alifungua mlango, akashuka, akaja nyuma akasimama chini kwenye mchanga, mkono juu ya mbao za sakafu. Lance alirudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

"Nenda mbele, Enid. Gia ndogo unaijua," Clem alisema. "Mimi sikutaka usukani, tangu siku ile sikuutaka. Nilitaka kupanda huku nyuma nisimame naye."